Wengine Pichani ni Wananchi

Siku mliponiaga kazini, Mwenyekiti wa kamati yetu alisema naondoka na hazina ya uzoefu, kisha akaniomba niiandike, maana hazina isiyoandikwa haiingii kwenye taarifa ya mwaka. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Kihesa, Iringa, kitenge mabegani, chai inapoa kabla sijaimaliza kama ilivyo kawaida ya mji huu, nami naandika. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Mshahara nao ulikuwa mgeni wa kuchelewa na kuwahi kuondoka, hatukuzoeana. Nitaandika habari za picha, tovuti na mgeni rasmi, mtu niliyekaa naye kazini miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu, na ambaye hajawahi kunisalimia.

Nilianzia Mbalizi, kwenye studio ya picha iliyotazamana na soko. Nilikuwa nimetoka kwetu Tukuyu na cheti cha kupiga taipu, nikiamini nchi nzima inanisubiri. Mwenye studio, Mzee Sanga, alikuwa Mkinga mfupi asiyevua kofia, na mnawajua Wakinga na biashara, hata salamu yake ilikuwa na hesabu ndani. Alikitazama cheti changu, akakirudisha, akaniuliza kama naweza kukaa gizani bila kuimba.

"Naweza," nikasema.

"Aliyekutangulia alikuwaga wa kwaya. Anaimba mpaka ubeti wa mwisho, picha zinapitiliza kwenye dawa. Harusi nzima ilitoka nyeusi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Siku ya kwanza nilimwagia dawa sketi yangu ya pekee ya kazini, na doa lile nililivaa mpaka sketi ilipoisha. Mzee hakugomba. Alisema sasa nanuka kama mfanyakazi.

Kazi iliyotulisha ilikuwa ya misafara. Palipokuwa na utepe wa kukatwa, jiwe la msingi la kuwekwa, au mti wa kupandwa na kusahauliwa, kuanzia Chunya mpaka Iringa, Mzee Sanga aliitwa na kamera yake. Wapiga picha wengine walimsogelea mgeni rasmi mpaka wakamkanyaga viatu. Mzee alirudi nyuma. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ugote ukuta au shina la mhindi, ndipo akapiga. Nilidhani ni uoga. Baadaye, kwenye chumba cha giza, chini ya ile taa nyekundu, akanieleza.

"Kila picha ina wenyewe wawili," alisema. "Wa kwanza ni ofisi. Ofisi inataka mgeni rasmi awe mkubwa, wengine uwakate. Wa pili ni yule aliyesimama pembeni ambaye hata hajui kama yumo. Huyo sasa ndiye mnunuzi."

Kwa hiyo tulisafisha kila picha mara mbili. Ya ofisi tuliikata pembeni, akabaki mgeni rasmi na viongozi. Nzima tulizitoa ndogondogo, Mzee akarudi nazo kule kule zilikopigwa, akazitandaza kwenye mkeka siku ya gulio, watu wakainama kujitafuta. Mimi nilipiga taipu maelezo ya kubandika nyuma ya zile za ofisi. Yalikuwa na mtindo mmoja: mgeni rasmi akifanya jambo fulani mahali fulani, kisha nukta, kisha "Wengine pichani ni viongozi na wananchi." Niliwahi kumuuliza Mzee kwa nini tusitaje japo majina mawili ya hao wengine. Akanijibu kwamba ofisi hailipii wino wa majina yao.

Studio zilipoanza kufa, na simu zikamfanya kila mtu awe mpiga picha, mimi nilikuwa nimeshaolewa na Mhehe na kuletwa Iringa. Nilifanya kazi maktaba, halafu nikaja Hifadhi yetu hii ya kumbukumbu za jamii, chumba kile nyuma ya ukumbi, kimeegemea jiwe kubwa ambalo mvua ikinyesha linatuletea maji yote ya mlimani. Mnajua tulivyokuwa: maboksi ya picha zilizotupwa na ofisi mbalimbali, kanda za nyimbo, na ndoo ya kukinga paa linapovuja. Wenyeji walinipokea vizuri. Waliniuliza ndizi nimezileta wapi, nami nikawauliza mbwa wao wamekwenda wapi, na baada ya utani huo wa Wanyakyusa na Wahehe tukawa ndugu.

Nilikuwa nimekaribia kustaafu kamati ilipoamua kwamba tuwe na tovuti. Wafadhili walikuja na sharti moja tu: iweze kutumiwa na kila mtu, wakiwemo wasioona na wasiosikia. Kamati ililikubali sharti lile kwa makofi bila mjumbe hata mmoja kujua maana yake. Mwenyekiti alikuwa na maono yake. Alitaka bendera ipepee juu, ngoma ya Kihehe ipige mtu anapofungua, na picha ziwe zinapita zenyewe kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Tukampata Rehema, fundi wa tovuti. Rehema ni wa hapa hapa mjini, familia ya Kiislamu yenye asili ya pwani inayouza vipuri tangu enzi za babu yake, mama wa watoto wawili, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuongee kwa sauti ya chini. Alimsikiliza Mwenyekiti mpaka mwisho, akafunga daftari.

"Mwenyekiti, bendera ikipepea, bando la mtu linapepea nayo."

"Lakini inavutia."

"Inamvutia nani? Asiyeona haioni. Anayeona simu yake imekwama. Na ngoma ikipiga, asiyeona hasikii tena kompyuta inamwambia nini."

Bendera ikashushwa. Nilijifunza kwa Rehema mambo ambayo naomba muyashike. Maandishi yawe meusi juu ya nyeupe, makubwa, na si njano juu ya kijani hata kama ni rangi za sare za kwaya ya Mwenyekiti. Kitu kisitembee bila kuambiwa. Kila kinachobonyezwa kiweze kufikiwa kwa vitufe tu, kwa sababu mtu asiyeona hana kazi na kile kishale mnachokikimbiza kwenye skrini. Kila kanda ya sauti iwe na maandishi yake chini, kwa ajili ya wasiosikia. Na kila ukurasa ulipokamilika, Rehema alimtumia kaka yake aliyekuwa Makongolosi akiuza mashine za wachimba dhahabu, mwenye simu iliyopasuka kioo na mtandao wa kubahatisha. Ukifunguka kule, tuliuita umekwisha. Usipofunguka, kaka mtu alitutumia sauti ya matusi ambayo Rehema hakukubali tuisikie.

Chini ya kila picha tuliweka maelezo, ili kompyuta imsomee asiyeona. Kazi hiyo ilikuwa nyepesi, tulidhani. Maelezo si yapo nyuma ya picha? Tukayanakili yalivyo.

Wa kuijaribu tovuti alikuwa Mwalimu Kihwele. Wengi mnamfahamu, mzee mrefu mwenye fimbo nyeupe na koti la kijivu, aliyefundisha historia mpaka kustaafu. Surua ilimpofusha akiwa mdogo, kabla hajaanza shule. Alifika, tukasalimiana kamwene, salamu ya Kihehe, akakaa, akapapasa vitufe, akaanza. Ile programu ya kusoma skrini ilisoma Kiswahili chetu kama mmisionari wa wiki ya kwanza, lakini ilisoma.

"Mgeni rasmi akikata utepe. Wengine pichani ni viongozi na wananchi," ikasema. Mwalimu akabonyeza. "Mgeni rasmi akipanda mti. Wengine pichani ni viongozi na wananchi." Akabonyeza. "Mgeni rasmi akionja ulanzi. Wengine pichani ni viongozi na wananchi."

Mwalimu akaondoa mikono kwenye vitufe, akanigeukia.

"Mama Lugano, huyu mgeni rasmi ni mtu mmoja?"

"Hapana, Mwalimu. Ni wengi, wa miaka tofauti."

"Na wananchi?"

"Nao ni tofauti."

"Nashukuru kuambiwa," akasema. "Nilikuwa nawahurumia. Nilidhani wanatembezwa."

Rehema alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka sana, kwa sababu sentensi ile vidole vyangu vilikuwa vinaijua kwa moyo. Mwalimu akaniomba nimtafutie picha ya kufunguliwa kwa bomba la maji la Kihesa. Ilikuwepo. Mashine ikasoma yale yale, na utepe safari hii ukawa bomba.

"Mama yangu yumo?" akauliza.

Ndipo akatueleza. Mama yake aliitwa Skolastika. Bomba lilipofunguliwa, Mwalimu alikuwa mbali, shule ya bweni ya wasioona. Aliporudi likizo mama yake akamwambia kwamba siku ile alipigwa picha, na mwenye kamera alirudi kuziuza sokoni, akajiona kwa macho yake, lakini hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya chumvi. Akawaambia na watoto wengine. Wakamcheka. Mpiga picha wa msafara ampige mama wa vitumbua, kwa lipi? Alirudia habari ile mpaka uzeeni na walimcheka mpaka uzeeni. Alipokufa, ikabaki msemo wa ukoo. Mtu akitia chumvi habari yake, Fidelis, mdogo wake Mwalimu, alikuwa anasema, "Hiyo ni ya mama na bomba," na watu wanaangua kicheko mezani.

"Wewe ulimwamini?" Rehema akamuuliza.

"Mimi peke yangu. Wao walitaka waione. Mimi sikuwa na shida hiyo."

Halafu akasema kwamba akipata ushahidi msemo ule ukafutwa kabla naye hajazikwa, atakuwa amemfanyia mama yake jambo ambalo watoto wake wanaoona walishindwa. Lakini kulikuwa na lingine pia. Alisema, "Ninyi mkishika picha mnasema, huyu kafanana na mama yake, huyu kasimama kama baba yake. Mimi hajaniambia mtu nasimama kama nani."

Nakiri hata mimi moyoni nilikuwa nimejiuliza kipofu anataka picha ya nini. Na ninyi mmejiuliza sasa hivi.

Nikaichukua ile picha nikaikagua. Mgeni rasmi mkono kwenye bomba, viongozi wamejipanga, wanaume watupu. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Nilimwambia, "Mwalimu, hayumo," na niliumia kusema hivyo, kwa sababu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea.

Tangu siku hiyo mimi na Rehema tukaamua maelezo yote yafutwe yaandikwe upya, na waeleze wazee wa Kihesa wenyewe, kwa sauti zao, tuwarekodi. Mkubwa wao alikuwa Bibi Blandina, ambaye umri wake haujulikani na ulimi wake unajulikana. Skolastika alikuwa shoga yake. Nilimuuliza kuhusu bomba kabla ya kitu chochote. "Siku ile nilikuwa Kilolo kwetu nimejifungua," alisema. "Sikuona. Lakini Skola hakuwaga mwongo. Alikuwaga mbishi, si mwongo."

Kikao cha kwanza kilikuwa msiba. Nasema hivyo kwa maana yake, maana kila picha ambayo projekta ya Rehema iliitoa ukutani ilikuwa na marehemu, na marehemu hasemwi hovyo. Tulimwonyesha Bibi Blandina mzee mmoja wa mstari wa mbele, tukamwomba atueleze anachokiona.

"Huyu alikuwaga mtu wa watu. Mcha Mungu. Ameacha pengo."

"Amina, Bibi. Amevaa nini?"

"Shati. Lakini we Mnyakyusa, mtu mzima mwenye ukoo wake uniambie niseme kavaa shati tu, watoto wake si watatununia?"

Tulibishana mpaka chai ikaletwa. Mwishowe tukakubaliana: kila marehemu apewe sifa moja, halafu nguo zake. Ndiyo maana mpaka leo kwenye tovuti yetu mnasikia, "Huyu alikuwaga mkarimu, kavaa kaptula." Msije mkaifuta kwa sababu mtaalamu kutoka Dar es Salaam amesema haiendani na mwongozo. Mwongozo haukuolewa Kihesa.

Mwenyekiti naye akaja kukagua, akakuta tunaeleza kuanzia kushoto. Akashtuka. "Itifaki, jamani. Mnaanza na mtu wa pembeni, mgeni rasmi yuko katikati anawaangalia?"

Mwalimu Kihwele, aliyekuwa amekaa pale akisikiliza, ndiye aliyemjibu. "Mwenyekiti, mimi nikiingia ukumbini naanza kumpa mkono aliye karibu na mlango. Siwezi kumruka mtu ambaye tumbo lake nimeshaligusa. Mgeni rasmi nitamfikia nikimfikia."

Papo hapo picha nyingine ikatokea ukutani: mgeni rasmi akihutubia, na nyuma yake, safu ya viongozi, kijana mwenye suti ya kaunda amelala fofofo. Watu wote tukageuka kumtazama Mwenyekiti. Alikuwa na nywele nyingi wakati ule, lakini ni yeye.

"Hapo nilikuwa natafakari," akasema.

"Anatafakarije?" Mwalimu akauliza kwa upole.

"Mdomo wazi," Bibi Blandina akajibu, na kinasa sauti kilikuwa kinarekodi. Mwenyekiti akakumbuka ana kikao mjini. Suala la itifaki halikurudi tena.

Ilikuwa siku ile ile, wakati narudisha picha kwenye maboksi, nilipoigeuza ile ya bomba na kuona muhuri nyuma, pale karatasi ya maelezo ilipobanduka. Ulikuwa wa studio ya Mbalizi. Maelezo yalipigwa taipu kabla yangu, na yule wa kwaya bila shaka. Nikakaa chini. Ile ilikuwa nakala ya ofisi, iliyokatwa. Na mkataji alikuwa Mzee Sanga, aliyerudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta.

Mwenyekiti aliona si busara kusafiri mpaka Mbeya kwa ajili ya mama wa mtu mmoja. Nikamwambia nachukua likizo kusalimia wazee. Mzee Sanga alikuwa ameshafariki, lakini mkewe yupo pale pale Mbalizi, nyuma ya soko, na alinipokea kwa kunipa kisu nimsaidie kumenya viazi. Tulipomaliza viazi ndipo nikasema shida yangu. Akanipeleka stoo. Filamu za mumewe zilikuwa zimefungwa kwenye magazeti, ndani ya debe la mbegu za maharage, zimezungushiwa majivu kama maharage yenyewe, ili zisiingie wadudu wala unyevu.

"Watoto wanasema nitupe," Mama Sanga alisema. "Lakini Mzee aliniachia neno. Alisema, usitupe, kuna watu hawajajinunua bado."

Nilipukuta majivu, nikazishika filamu moja moja kwenye mwanga wa dirisha, jinsi alivyonifundisha, ncha za vidole pembeni. Iliyoandikwa Kihesa niliipata mchana. Kwenye filamu watu wanageuka, weusi wanakuwa weupe na nyuso hazitambuliki, ila upande wa kulia, pale wembe wa ofisi ulipopita, kulikuwa na wanawake. Nilimshukuru Mama Sanga kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, nikarudi Iringa na ile filamu ndani ya Biblia ili isipinde.

Kikao kilichofuata nilitaka niwe mtulivu na sikuweza. Rehema aliigeuza filamu kwenye kompyuta ikawa picha, akaiweka ukutani nzima nzima. Mwalimu Kihwele alikaa mbele na mikono juu ya fimbo. Sikuwa nimemwahidi kitu. Nilimwambia tu kwamba tumepata picha iliyo pana zaidi.

Bibi Blandina alianza kushoto. Aliwapitisha viongozi, sifa moja na nguo zake. Akamfikia mgeni rasmi: mkono juu ya bomba, mdomo wazi katikati ya hotuba, maji yameshaanza kutoka. Kisha akageukia kulia. Halafu akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mwanangu," akamwambia Mwalimu, "mama yako huyu hapa."

Mwalimu hakusogea. "Anafanya nini?"

"Anateka maji. Hotuba haijaisha, watu wazima wamesimama wima wanasikiliza, yeye kaingiza kandoo kake. Kale ka bati, kalikuwaga na mkono wa waya. Kainama. Hakuchuchumaa, wenzake wakichuchumaa yeye alikuwaga anainama hivi, miguu imenyooka, hata shambani."

"Anamtazama mgeni rasmi?"

"Kampa mgongo. Anamtazama mwenye kamera, utadhani anamwambia, piga upesi, mimi nina unga jikoni."

"Kavaa nini?"

"Kitambaa cheupe kichwani, kafungia kisogoni. Gauni la maua, kalikunja hapa kiunoni lisilowe. Peku. Na hiyo miguu, mwanangu, ni hiyo hiyo uliyo nayo. Imepinda kwa nje kidogo, hapa chini ya goti."

Mwalimu akashusha mkono taratibu, akaupapasa mguu wake chini ya goti. Akauliza kama mama yake anacheka.

"Hacheki. Ana haraka."

"Basi ni yeye," akasema, na hapo akalia. Mimi nililia, wale wazee wa Kihesa walilia, na Rehema alisema ni vumbi la projekta. Tulisahau kuzima kinasa sauti, na Mwalimu alituomba tusikate chochote, kwa hiyo kwenye tovuti picha ya bomba la Kihesa inaisha kwa watu kupenga makamasi.

Alitaka nakala, na alitaka kuinunua. Nikamwambia ni yake, akakataa katakata. Alisema mama yake alikosa hela ya kuinunua, si kwamba aliomba bure. Hela ile niliituma Mbalizi, na Mama Sanga akanipigia. "Basi mmoja kapungua," alisema.

Ikabaki kuzindua. Tovuti ilikuwa imeshaanza kutumika hadi Makongolosi, lakini kwetu kitu kisichokatiwa utepe hakijaanza. Kwa kuwa tovuti haina mlango, Mwenyekiti aliamuru utepe ufungwe kwenye kompyuta, na ukafungwa, na fundo kubwa mbele kama keki ya kipaimara. Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo haki yake. Watu waliposubiri mpaka wakamaliza maji ya chupa, Mwalimu akaomba autumie muda ule kumwonyesha mdogo wake kitu kimoja. Fidelis alikuwepo, amevaa tai, mtu mzima mwenye duka na kitambi na maneno yake. Alisogea akitabasamu. Nikamvisha vipokea sauti, nikapenyeza mkono chini ya utepe, nikabonyeza.

Tabasamu lilikaa kidogo, kisha likatoka. Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya chini na Fidelis hakuwa na miwani, akainama aione vizuri. Ilipoisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Wakati huo msafara ulikuwa umeingia, watu wamesimama, mshereheshaji anataja vyeo kwa mpangilio, na Fidelis hasikii lolote, kaziba njia yote ya kufikia utepe. Mwenyekiti alinifanyia ishara zote anazozijua. Mimi nilijifanya naangalia waya.

Mpiga picha wetu alipiga picha pale pale. Nilimfundisha mwenyewe arudi nyuma mpaka mgongo ugote. Maelezo ya picha hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho katika Hifadhi, niliyaandika siku moja kabla ya kukabidhi funguo, na nayaacha hapa yalivyo.

Kutoka kushoto: Mwenyekiti, mchapakazi, suti ya bluu, macho wazi. Bibi Blandina, kitenge cha zambarau, amekaa, hana mpango wa kusimama. Mwalimu Kihwele, koti la kijivu, fimbo katikati ya magoti, anacheka. Mbele ya kompyuta, mdogo wake Fidelis, vipokea sauti masikioni, tai imening'inia, analia. Hakuchuchumaa. Ameinama, miguu imenyooka. Nyuma yake mwanamke mwenye gauni jeusi na mkasi mkononi, anasubiri zamu yake. Huyo ni mgeni rasmi.